Mbwa wa Boma Naye Awe na Daftari

Mkulima wa skimu huandika siku ya kuogesha ng'ombe na kiasi cha maziwa aliyopeleka. Mbwa hana ukurasa. Watu husema kazi yake ni kulinda tu. Lakini yeye ndiye achezaye na watoto, na kichaa cha mbwa kikiisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua. Dawa ya kuponya hakuna. Chanjo ya kuzuia ipo.

Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi. Mwaka 2014 Serikali ilianzisha mpango wa kukomesha vifo vya watu ifikapo 2030. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo asiyechanja mbwa wake humharibia jirani kazi.

Mtoto wa mbwa achanjwe afikapo miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mwulize Bwana Mifugo siku ya chanjo, uiandike, na cheti ukitunze. Mzoeze kamba angali mdogo: mbwa wengi hukosa chanjo kwa sababu hata mwenyewe hawezi kuwakamata!

Dawa ya minyoo nayo isisahauliwe. Ukichinja kondoo, usimtupie mbwa maini au mapafu yenye malengelenge ya maji. Humo mna watoto wa tegu, ambao hukomaa tumboni mwa mbwa, na mayai yake huwafikia watu kwa mikono na chakula kichafu. Yachome moto au uyafukie chini sana.

Je, mtu akiumwa? Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Usipake pilipili wala majani. Nenda hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni mkwaruzo, na sindano zote zimalizwe.

Mbwa aliyeuma, akiweza kufungwa bila hatari, asiuawe. Bwana Mifugo amwangalie siku 10. Lakini mgonjwa asingoje siku hizo ndipo atibiwe.

Na ng'ombe atokwaye mate kama aliyekwamwa na mfupa, usimtie mkono kinywani. Huenda aliumwa na mbwa malishoni. Mtenge, umwite Bwana Mifugo.