Mafahali Wawili Zizi Moja: Makutano ya Majagina wa Vibonzo na Haki ya Msomaji

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Watunzi wa vibonzo nchini Marekani wamekuwa wakiujaribu ukweli wa methali hii kwa zaidi ya miaka themanini. Mwaka 1940, kampuni iliyokuja kujulikana kama Marvel iliwapiganisha Human Torch, jagina wa moto, na Namor, jagina wa bahari, ambao awali kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Mwaka uo huo, toleo la 3 la All-Star Comics liliwaweka majagina kadhaa katika kundi moja, Justice Society of America. Tangu hapo aina hii ya utunzi, ambayo hapa tutaiita hadithi za makutano, haijakoma.

Katika ngano zetu, Sungura akikutana na Fisi hakuna anayeshangaa. Wote ni wa msitu mmoja, na msitu wenyewe hauna mmiliki. Hali ya Superman na Spider-Man ni tofauti. Mmoja ni mali ya DC, mwingine ni mali ya Marvel, na kila mmoja ana ulimwengu wake na kaida zake. Kabla ya msuko kufumwa, sharti mikataba itiwe sahihi. Swali linaloongoza makala haya basi ni hili: makutano hayo humfaidi nani? Tunashikilia kuwa hadithi ya makutano hufaulu pale mkutano unapochipuka kutokana na tabia za wahusika, na hudhoofika pale unapoamuliwa na jambo lililo nje ya hadithi.

Vigezo vya Uhakiki

Mhakiki Mjerumani Hans Robert Jauss alifafanua kuwa msomaji huiendea kazi ya fasihi akiwa na upeo wa matarajio, yaani mambo anayoyategemea kutokana na kazi alizozisoma awali. Msomaji wa hadithi ya makutano huja na matarajio maradufu, kwani anawajua majagina wawili na anadai wote wawili watendewe haki. Kutokana na hoja hii tunapata maswali matatu. Kwanza, je, majagina wana sababu ya kukutana? Pili, je, kila mmoja anabaki kuwa yeye? Tatu, je, kuna chochote kinachobadilika baada ya kuagana?

Superman na Spider-Man, 1976

Mwaka 1976 DC na Marvel zilishirikiana kuchapisha Superman vs. the Amazing Spider-Man, iliyoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Ross Andru. Sababu ya kukutana ilipatikana kwa njia nyepesi lakini yenye mantiki: maadui wao, Lex Luthor na Doctor Octopus, waliungana. Ugumu ulikuwa katika swali la pili. Spider-Man angewezaje kupigana na Superman bila mmoja wao kudunishwa? Mwandishi alimfanya Luthor amtie Spider-Man nguvu za muda kwa mnururisho wa jua jekundu, kitu ambacho msomaji wa Superman anajua humdhoofisha jagina huyo. Nguvu zilipokwisha, Spider-Man alibaki akijiumiza mikono. Kaida za ulimwengu mmoja zilitumika kutatua tatizo la ulimwengu wa pili, na msomaji hakudanganywa. Hata hivyo, swali la tatu halikujibiwa. Wenye mali walitaka kila jagina arudishwe nyumbani jinsi alivyotoka.

Crisis on Infinite Earths, 1985–1986

DC ilipoamua kubadilisha mambo, ilifanya hivyo ndani ya zizi lake. Tangu mwaka 1961, Flash wa zamani alipokutana na Flash mpya, hadithi za DC zilikuwa zimezalisha dunia nyingi sambamba, na msomaji mgeni alitatizika kuzifuata. Katika matoleo 12, Marv Wolfman na mchoraji George Pérez walizikutanisha dunia hizo, kisha wakazifanya moja. Supergirl alikufa katika toleo la 7, na Flash, yaani Barry Allen, katika toleo la 8.

Hapa makutano yalikuwa na gharama. Barry alikaa kaburini kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi aliporejeshwa mwaka 2008. Supergirl yule alikuwa ameletwa upya mwaka 2004. Wapo wasomaji waliofurahia marejeo hayo. Lakini kifo kinachoweza kufutwa hupunguza uzito wa kila kifo kitakachofuata, kwa kuwa upeo wa matarajio wa msomaji umekwisha kubadilika: anaomboleza huku akingoja ufufuo.

Kura za Mwaka 1996

Udhaifu wa makutano unadhihirika zaidi katika Marvel versus DC ya mwaka 1996. Yalipangwa mapambano 11, na matokeo ya 5 kati yake yakaamuliwa kwa kura za wasomaji. Kwa mtazamo wa kwanza, hii ni heshima kubwa kwa msomaji. Kwa hakika ilimpokonya mwandishi kazi yake, kwani mshindi alijulikana kabla ya sababu ya ushindi. Wolverine na Lobo walianguka nyuma ya kaunta ya baa, kisha Wolverine akaibuka peke yake. Msomaji hakuonyeshwa pigano lililompa ushindi.

Msomaji wa Kenya ana jambo la kumgusa hapa. Storm, aliyebuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975, ni jagina ambaye katika hadithi mama yake ni Mkenya. Kwa kura hizo, alimshinda Wonder Woman. Tunaweza kumshangilia, lakini shangwe hiyo ni ya mtazamaji wa kandanda anayesoma matokeo tu. Kilichobaki na thamani ni tendo la aliyeshindwa: kabla ya pambano, Wonder Woman aliweka kando nyundo ya Thor aliyokuwa ameipata, ili pawe na usawa. Tendo hilo halikupigiwa kura. Lilitokana na tabia yake.

JLA/Avengers, 2003–2004

Kazi ya Kurt Busiek na George Pérez, yenye matoleo manne, inajibu maswali yetu vyema zaidi. Superman anaona dunia ya Avengers ilivyojaa dhiki na kuwalaumu kwa kutotenda vya kutosha. Captain America anaona majagina wa dunia ya pili wakitukuzwa na kushuku kuwa wamejifanya miungu. Huu ni mgogoro wa kiitikadi, si wa misuli. Batman na Captain America wanapopimana nguvu, wanaacha upesi kwa kuwa kila mmoja ameitambua akili ya mwenzake. Hatimaye majagina wanaonyeshwa misiba inayowangoja iwapo dunia zao zitarejeshwa, kifo cha Barry kikiwamo, na bado wanachagua kuzirejesha. Hadithi inaisha dunia zikiwa kama zilivyokuwa, lakini msomaji amewajua wahusika kwa undani zaidi. Hayo pia ni mabadiliko.

Hitimisho

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika hadithi za makutano nyasi ni msomaji, anayelipia jina kubwa lililo jaladani na pengine kurudi mikono mitupu. Si kweli kwamba mafahali hawawezi kukaa zizi moja. Sharti tu wawe na neno la kuambiana. Mwanafunzi wa fasihi anayekutana na kazi ya namna hii asikomee kuuliza nani alishinda. Na aulize ni lipi tulilolijua kuhusu jagina huyu baada ya mkutano, ambalo tusingelijua angebaki peke yake. Jibu likikosekana, basi kilichokutana ni mikataba tu, wala si wahusika.