SOMO: UKARABATI WA KRANKI YA PIKIPIKI YA CHAMA

Chama chenye pikipiki ya siku nyingi hufikwa na siku ambayo injini huanza kugonga chini, mlio mzito usiokwisha hata baada ya kubadili plagi na pistoni. Hapo fundi hutamka neno "kranki", na katibu hutakiwa kuidhinisha fedha za wanachama kwa kitu ambacho hajapata kukiona. Yafaa akifahamu kabla ya kutia sahihi.

Kranki ni mhimili ulio tumboni mwa injini, ugeuzao mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa wa kuzunguka. Katika pikipiki nyingi za silinda moja, zikiwamo Yamaha AG 100 iliyokusudiwa wakulima na Honda CG 125 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, kranki si chuma kimoja. Ni magurudumu mawili mazito yaliyounganishwa kwa pini, na juu ya pini hiyo konrodi huzunguka kwa beringi. Vipande hivyo hushikana kwa kubanwa tu, bila nati wala parafujo.

Beringi hiyo huchakaa upesi ikikosa oili. AG 100 hupata oili pamoja na petroli. Mwendeshaji akirudisha mkono wa mafuta, vyote viwili hupungua. Atokaye Sumbawanga, penye mwinuko wa mita zipatazo 1,800, kwenda Muze katika Bonde la Ziwa Rukwa, huteremka mamia ya mita. Akishuka kwa gia ndogo huku amefunga mafuta muda wote, injini huzunguka kwa kasi pasipo oili ya kutosha. Sharti ayafungue kidogo mara kwa mara, huku akitumia breki.

Ili kuthibitisha ubovu, silinda ivuliwe katibu akiwapo. Fundi aishike konrodi na kuivuta juu na chini. Mchezo wowote wa mwelekeo huo ni ushahidi wa kuchakaa. Mchezo mdogo wa upande kwa upande si kosa, na asikubali mtu kumtisha nao.

Ufipa ni nchi ya wafua chuma wa kale, ambao mabaki ya malungu yao yangali yanaonekana, na nyundo ina heshima yake huko. Lakini kranki haitenganishwi kwa nyundo na patasi; hutenganishwa kwa mashine ya kushindilia. Pini, beringi na konrodi hubadilishwa pamoja. Kisha kranki huwekwa kati ya ncha mbili za mashine ya kukereza, ikazungushwa polepole huku kipimo chenye uso kama wa saa kikigusa mhimili kila upande. Mpepesuko ukizidi takriban milimita 0.05, magurudumu hayajanyooka, na fundi huyarekebisha kwa kugonga ukingo kwa nyundo ya shaba. Karakana isiyo na kipimo hicho isipewe kazi, hata ikiwa bei yake ni ndogo.

Kusawazisha uzito ni kazi nyingine. Ichukuliwe mfano kwamba pistoni, ringi na pini yake vina gramu 220, na ncha ya juu ya konrodi gramu 80, jumla 300. Ikitakiwa asilimia 60 isawazishwe, hiyo ni gramu 180. Ncha ya konrodi yenyewe imekwisha kutoa 80, hivyo huning'inizwa gramu 100 kwenye ncha hiyo, na kranki hulazwa juu ya reli mbili zilizo sawa. Ikitulia popote iachwapo, uzito u sawa. Upande ushukao ndio mzito, nao hutobolewa. Asilimia 100 haitafutwi, kwa kuwa mtikisiko wa juu na chini ungegeuka kuwa wa mbele na nyuma.

Pikipiki iliyorudishiwa pistoni yenye uzito ule ule wa kiwandani kwa kawaida haihitaji kazi hii ya pili. Ikionekana katika hati ya madai, katibu aulize sababu.

Aulize pia bei ya kranki nzima iliyo mpya. Injini nyingi za Kichina zimeigwa kutoka CG 125, na kranki zake huweza kuwa nafuu kuliko ukarabati; ila urefu na unene wa mhimili ulinganishwe na ule wa zamani kabla ya kulipa. Vipimo viandikwe katika stakabadhi ya fundi. Pini na beringi kuukuu zirudishwe ofisini zikiwa na namba ya pikipiki, zikae hapo hadi mkaguzi wa hesabu atakapofika.