Dondoo muhimu: Kuita simba na fisi kwa sauti Moyowosi

Kuita kwa sauti, yaani kupiga kwa spika mlio uliorekodiwa wa ndama wa nyati anayeteseka au wa fisi wanaogombea mzoga ili wanyama walao nyama wasogee na kuhesabiwa, ni njia inayofaa Pori la Akiba Moyowosi, mashariki mwa Kibondo na Kasulu, ambako miombo na nyasi ndefu huwaficha wanyama hao mchana. Kibali cha utafiti hutangulia, nayo TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ndiyo ya kuanzia.

Kazi hufanywa usiku upepo ukiwa umetulia, spika ikiwa juu ya paa la gari na watafiti wakibaki ndani, mbali na vijiji na mazizi, kwa kuwa simba aliyeitwa hachagui ndama wa spika na ndama wa mfugaji.

Ngurumo ya simba isitumiwe ovyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu simba wa Serengeti ulionyesha kuwa majike hupima idadi ya wageni kwa kusikiliza, wakasita zaidi waliposikia watatu kuliko mmoja. Hivyo ngurumo yaweza kuwafukuza wale wale wanaotafutwa.

Vituo vitenganishwe vya kutosha ili mnyama mmoja asihesabiwe mara mbili, wala mlio usirudiwe mara kwa mara mahali pamoja, kwani wanyama huuzoea na kuupuuza. Chui ni msiri, na kutoonekana kwake si ushahidi kwamba hakuja.