Dondoo muhimu: Kuwatembelea vijana walio kifungoni

Waumini wa nje wanaofikia Sengerema na kutaka kuhudumu Gereza la Butimba, jijini Mwanza, waanze na barua ya kanisa mwenyeji kwa mkuu wa gereza, mapema. Njia ya kutoka Sengerema hadi Mwanza sasa ni nyepesi: Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya ziwa, lilifunguliwa Juni 2025.

Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Kuhusu kuwatembelea wa umri huo, aulizwe ofisa ustawi wa jamii.

Nyimbo waanzishe wenyeji. Ndio watakaorudi wiki ijayo.

Simu na kamera zibaki garini. Sabuni za mche, dawa ya meno na kandambili zina faida kuliko fulana zenye nembo ya msafara, na zigawiwe bila kuuliza dini ya mtu.