SOMO KWA VYAMA: Dereva, Kileo na Gari la Chama



Katika ukaguzi wa vyama tumezoea kuuliza habari za fedha, mizani na ghala. Somo hili lahusu jambo lisilo na safu yake katika vitabu vya hesabu, nalo ni dereva aliyekunywa akashika usukani wa gari la chama, au wa gari lililokodiwa na chama.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua hesabu za chama kimoja, ambacho jina lake silitaji. Miongoni mwa hati za malipo niliikuta moja iliyoandikwa "vinywaji vya dereva na utingo." Kiasi kilikuwa kidogo, sahihi zote zilikuwapo, na stakabadhi imebandikwa nyuma. Nikaweka alama ya kijani, nikapita. Mwaka uliofuata nilizikuta hati nne za namna hiyo, nazo nikazipitisha. Msimu wa tatu gari lilipinduka usiku likiwa limejaa machungwa, na mpakiaji mmoja aliyeketi juu ya mzigo akafa. Dereva alipona. Alikuwa amekunywa, na waliokuwa garini walilijua hilo, kwa kuwa walikunywa pamoja naye. Hesabu nilizokagua zilikuwa sahihi. Ila sikuuliza kwa nini chama kimnunulie pombe mtu anayekwenda kuendesha gari.

Wengi wetu hudhani kwamba mlevi ni yule anayeyumba. Sivyo. Kileo huanza na akili kabla ya miguu: humwondolea mtu hofu, humpunguzia uwezo wa kukadiria umbali na mwendo, na huchelewesha mguu kufika kwenye breki. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja tu kumwona mtoto anayevuka pale Muheza mjini, gari limekwisha kumfikia kabla breki haijakanyagwa. Na iwapo kileo ni cha mnazi, cha bia au cha gongo, kwa damu ni kileo kilekile. Anayesema "mimi nimekunywa mnazi tu, pombe sijagusa" anajidanganya.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kiwango cha miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Anayezidi hapo na kuendesha gari ametenda kosa, hata kama anatembea wima na kusalimia watu kwa adabu. Lakini isidhaniwe kwamba chini ya kiwango hicho pana usalama. Hatari huanza kupanda mapema zaidi.

Sasa natazama jambo ambalo makatibu wengi hawalijui, nalo ni ulevi wa asubuhi. Ini huondoa kileo katika damu kwa kasi yake lenyewe, kiasi cha miligramu 15 hivi kwa saa, wengine zaidi kidogo, wengine pungufu. Tuseme dereva ameacha kunywa saa sita usiku akiwa na miligramu 180. Saa kumi na moja alfajiri, anapoitwa kupeleka mzigo Tanga, bado anazo 105, naye yu juu ya kiwango cha sheria ingawa amelala, ameoga na amepiga mswaki. Kahawa chungu humfumbua macho, wala haimpunguzii kileo. Maji ya ndimu na maji ya baridi ni vivyo hivyo. Dawa yake ni saa kupita.

Nchi yetu hii haimsamehi dereva wa namna hiyo. Anayeshuka kutoka Amani na mzigo wa viungo ana kona, mteremko, na mara nyingi ukungu na utelezi. Anayekwenda Segera akafika barabara kuu hukutana na mabasi na malori ya masafa marefu. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, huko Magila Gereza wilayani Korogwe, lori aina ya Fuso liligongana na basi dogo lililobeba maiti na waombolezaji waliokuwa wakienda kuzika Kilimanjaro. Watu 17 waliripotiwa kufa katika taarifa za mwanzo. Chanzo kilichotajwa hakikuwa pombe, bali dereva kutaka kulipita gari jingine. Nautaja msiba huo kwa sababu hukumu ya kupita au kungoja ndiyo hasa ambayo kileo huiharibu kwanza.

Kuna desturi katika msimu wa machungwa ya mnunuzi kumpa dereva fedha baada ya kupakua, nayo huitwa "ya soda," ingawa wote wajua si soda inayonunuliwa. Katibu hawezi kumzuia mnunuzi. Aweza kumlipa dereva posho kamili ya chakula, na kumwandikia katika mkataba wa kazi, au wa kukodi gari, kwamba akinywa safarini mkataba umevunjika. Pia asome mkataba wa bima ya gari. Mikataba mingi ina kifungu kinachomruhusu mwenye bima kukataa kulipa hasara ya gari ikiwa dereva alikuwa amelewa. Hapo deni la gari, mzigo uliomwagika na madai ya waliofiwa vyaweza kuangukia fedha za wanachama.

Liwepo daftari la safari, lenye saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na sahihi ya aliyemwona dereva uso kwa uso kabla ya kumkabidhi ufunguo. Bodi iandike katika kumbukumbu zake kwamba katibu akikataa kutoa ufunguo hataadhibiwa kwa mzigo uliochelewa. Bila kinga hiyo, katibu kijana hawezi kumkatalia dereva aliye rika la baba yake. Na watu wasipandishwe juu ya mzigo, dereva awe mzima au amelewa.

Nami katika ukaguzi ujao, nikikuta hati ya vinywaji, nitaomba daftari la safari la siku hiyo, kisha nitauliza gari lilirudi saa ngapi na nani alilipokea.