Plagi na Koili: Tuangalie Kabla ya Kununua

Vikundi vingi vinamwagilia mboga kwa pampu ya petroli. Siku pampu ikikataa kuwaka, sukumawiki inanyauka na mhazini anaulizwa pesa. Sisi wenyewe tulifika hapo. Tulivuta kamba hadi mabega yakauma, fundi mmoja akasema koili imekufa. Tukachanga, tukanunua nyingine. Wapi! Kumbe ni oili iliyokuwa imepungua. Injini nyingi za Honda za aina ya GX zina kifaa kinachokata moto wa plagi oili ikishuka, ili injini isiharibike. Tulipoongeza oili, ikawaka. Ile koili ya zamani tungali nayo, nzima kabisa.

Basi, anzeni na oili, na mhakikishe swichi imewashwa. Halafu toeni plagi muitazame mdomo. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini inachoma vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi, huenda kichujio cha hewa kimeziba, na plagi mpya nayo itakuwa nyeusi vilevile. Ikiwa nyeupe sana, injini inapata joto kupita kiasi.

Kujua kama moto upo, rudisheni plagi kwenye kofia yake, chuma chake kiguse injini mbali na tundu la plagi na petroli, kisha mtu avute kamba. Shikeni kwa koleo lenye mpira, msishike kwa mkono. Cheche ya buluu ni nzuri. Isipoonekana, jaribuni plagi mpya kwanza, kwa maana bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na koili.

Sasa dukani. Msiseme tu "nipe plagi ya pampu." Bebeni ile kuukuu, msome namba. Kwa injini ya GX160 plagi ya NGK ni BPR6ES, na ya Denso inayolingana nayo ni W20EPR-U. Katika BPR6ES, B ni unene wa thredi, milimita 14, na E ni urefu wake, milimita 19. Urefu huu msiuchezee: plagi ndefu kupita kiasi yaweza kugongwa na pistoni, na hapo hamtanunua plagi tena, mtanunua injini. Ile 6 ni kipimo cha joto. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, lakini kwa Bosch ni kinyume, kwa hivyo msilinganishe namba za kampuni mbili kwa macho. Nafasi ya mdomo iwe milimita 0.7 hadi 0.8.

Plagi mpya ikikosa moto na oili iko sawa, chomoeni waya wa swichi na ule wa kifaa cha oili, mjaribu tena. Cheche ikija, koili ni nzima, shida ni huko kwenye waya. Isipokuja, ndipo mnunue koili ya injini hiyohiyo. Wakati wa kuifunga, acheni nafasi ya kama milimita 0.4 kati yake na gurudumu la sumaku; mafundi hupima kwa kadi nyembamba.

Kwa mkutano ujao, mwenye kutunza pampu alete plagi iliyomo sasa, na katibu aandike namba yake kwenye daftari la kikundi.