Dirisha Moja, Vipimo Vingi: Kuunda Vijenzi vya Majengo kwa Kompyuta

Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania iliazimia kujenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19: 12,000 vya shule za sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao yake Bariadi, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyojengewa. Kazi ya ukubwa huo haiwezekani pasipo mchoro wa mfano unaorudiwa mahali pengi.

Hata hivyo, kurudia mchoro kuna hila yake. Mchoraji mwenye dirisha la upana wa milimita 1,250 akitakiwa kuchora la milimita 1,700, hushawishika kulinakili lile la kwanza na kulivuta. Dirisha hurefuka, lakini miimo nayo hunenepa: mwimo wa milimita 50 huwa wa milimita 68, na seremala wa Bariadi hana ubao wa namna hiyo.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa katika chuo cha MIT nchini Marekani, alieleza programu yake ya Sketchpad, ambamo mchoro mama ulizaa nakala; mama akibadilishwa, nakala zote zilibadilika. Programu ya Revit, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, hufuata wazo hilohilo, na kundi la vijenzi vya namna moja huitwa humo familia.

Kijenzi kizuri huanza na mifupa. Kwanza huchorwa mistari ya rejea: kingo mbili za nafasi ukutani, kizingiti na usawa wa linta. Fremu na vioo hufungwa kwenye mistari hiyo, wala havifungwi vyenyewe kwa vyenyewe. Kisha huchaguliwa vigeu, yaani vipimo vinavyoruhusiwa kubadilika. Viwe vichache. Dirisha lenye vigeu ishirini humchosha mtumiaji kuliko kulichora upya.

Na ichukuliwe kwamba kigeu ni upana tu, U, na kwamba kioo hakitakiwi kuzidi milimita 600. Kila kioo pamoja na mwimo wake huchukua milimita 650, na mwimo mmoja hubaki mwishoni. Basi idadi ya vioo, N, ni (U − 50) ÷ 650, ikikuzwa hadi namba nzima. Upana wa kioo ni (U − 50(N + 1)) ÷ N. Kwa U = 1,250 hupatikana vioo 2 vya milimita 550; kwa U = 1,700, vioo 3 vya milimita 500. Linta ikilalia ukuta milimita 150 kila upande, urefu wake ni U + 300. Miimo hubaki na unene wake wa milimita 50. Mifupa hii ijaribiwe kwa vipimo vidogo na vikubwa kabla ya kuongeza nondo na bawaba, kwa maana kosa la mifupa likishafunikwa ni taabu kulitafuta.

Msingi ni habari nyingine. Katika Usukuma, miinuko ina udongo wa kichanga uitwao luseni, na mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi. Ukuta wenye msingi mfupi juu ya mbuga huinuka na kushuka, na mara nyingi ufa wa kwanza huanzia kwenye kona ya dirisha, hata kama dirisha lenyewe limechorwa barabara. Kina cha msingi hakitokani na kanuni yoyote ya upana. Hutokana na shimo lililochimbwa na udongo uliopimwa. Wachoraji wengine hujaza milimita 900 ili programu isilalamike. Namba hiyo huchapwa kwenye karatasi ikifanana kabisa na namba iliyopimwa, na fundi huiamini. Afadhali kigeu hicho kipewe thamani isiyowezekana, fundi ashtuke na kuuliza kabla ya jembe kuingia ardhini.

Zoezi: Mwanafunzi atafute idadi na upana wa vioo kwa U = 2,000, kisha kwa U = 2,010, na aeleze kwa nini tofauti ya milimita 10 imeleta badiliko kubwa kiasi hicho.